Turubai Lisilolala Mchana

Isiolo mjini,
Jumatano asubuhi.

Abaayo Fahmo, dada yangu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakuletea salamu za kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye zizi lako, zisimruke mtu hata mmoja. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Goti lako linasemaje siku hizi? Salad wa lori aliniambia mvua imewanyeshea vizuri upande wa Kulamawe na ngamia wamepata majani, na kweli mvua hiyo nimeiona kwenye maziwa, maana sasa yanakuja mazito na povu lake halianguki haraka. Wateja wananisifu mimi, kumbe sifa ni zako na za ngamia. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Moyo ndio ngoja nikuambie.

Utashangaa nimeshika kalamu na simu iko. Lakini wewe ukiwa huko fora, malishoni mbali na ngamia, simu haishiki, na ukirudi mahali inashika unaweka sauti kubwa, boma zima linasikia, mpaka mbuzi. Haya si maneno ya mbuzi. Barua nampa Salad aiweke ndani ya shati, si mbele ya lori, kwa sababu namjua, ataifungia miraa. Mimi shule niliacha darasa la sita lakini mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alikuwa akiwaonyesha watoto wengine ubaoni waone jinsi mtu anavyoandika. Soma ukiwa peke yako.

Jambo lenyewe ni huyu binti yangu, Sirad. Jumamosi anapanda ghorofa ya mzee M'Ikiara kule Chechelesi kufunga mapazia na maturubai yake ya jua, na mimi mama yake nimeogopa sana. Naogopa atakufa, Fahmo. Nimeliandika sasa, nilikuwa sijalisema kwa mdomo. Wewe ndiye ulimnyonyesha nilipougua, na neno la habaryar wake, mama yake mkubwa, analisikia kuliko langu. Mimi nikisema ananibusu kichwani na kuondoka. Nataka umpigie ukipata mtandao, umkataze.

Kwanza nikueleze kazi yake, kwa maana huko watakuwa wamekuambia mtoto wangu anashona hema. Si hema. Ni turubai la kivuli kama lile la mbele ya duka lolote, unalivuta asubuhi, unalikunja jioni, lakini mgongoni amelibandika utepe mweusi mwembamba kama ngozi ya nyoka, na utepe huo unakula jua na kutoa stima. Mapazia ya dirishani ni hivyo hivyo. Ni vibao vyembamba vinavyolala kimoja juu ya kingine, upande wa ndani rangi nzuri ya kahawia, upande wa nje ni sola. Mchana unafunga dirisha jua lisikuchome, na jua hilo hilo ulilolifungia nje linakuchajia betri. Wengine wanaficha sola juu ya paa ambako ni kunguru tu wanaoiona. Sirad wangu ameileta mbele ya macho ya watu. Nani mwingine Isiolo nzima ana mtoto kama huyo? Nimeuliza sana na bado sijaambiwa.

Turubai la kwanza alinifungia mimi, kwenye kibanda changu cha maziwa. Unakumbuka stima ilivyokuwa ikipotea na maziwa yako mazuri yakichachuka, mimi nalia huku na wewe unalia huko? Sasa friza inanguruma mchana kutwa kama dume la ngamia. Picha ya Sirad akiwa na kofia ya fundi nimeitundika juu ya friza hiyo, na mteja hapati maziwa kabla hajaiangalia. Wenzangu wakaona wivu. Kisha wakaona aibu ya kuona wivu. Kisha wakaja kumwomba. Basi akaunganisha turubai moja refu kutoka kwangu, likapita kwa Aule, yule Mturkana anayeuza makaa, mpaka kwa Kinanu wa ndizi mwisho wa safu.

Siku ya kulifungua alitukusanya, akapanda juu ya kreti ya soda kama waziri, akatufundisha. Alisema stima ya kwenye nguzo ni mgeni anayetoka mbali, ukifunga mlango haingii. Lakini hii yetu imezaliwa hapa hapa kwenye kitambaa. Swichi kazi yake ni kuizuia tu isiingie kwenye friza. Kule juu kwenye nyaya bado iko macho maadamu jua liko. Alisema ukitaka ilale, ifunike. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na wallahi sikusikia hata neno moja, kwa sababu nilikuwa namwangalia tu alivyosimama.

Sasa kazi yetu unaijua. Mtungi ukishaoshwa na kufukizwa moshi lazima utundikwe kichwa chini upoe, vumbi lisiingie. Zamani tulitundika kwenye miti ya kibanda. Fremu ya turubai ilipokuja, chuma kizuri, kirefu, kiko kivulini, nani angekiacha? Kila mama akapinda waya wake akatengeneza kulabu, akatundika mitungi. Ilikuwa inapendeza, Fahmo, kama harusi. Lakini upepo wa Isiolo nao unaujua. Mitungi ikayumba kutwa, kulabu zikakwaruza, zikaendelea kukwaruza, mpaka zikala ngozi ya waya unaopita kwenye ile fremu. Sisi hatukuona. Nani anaangalia juu wakati mteja yuko mbele?

Wiki iliyopita, jua likiwa utosini, Sirad alikuja kula chakula cha mchana. Akaona kulabu. Akatugombeza sote, akatuuliza kama tunataka kuuza maziwa au kuuza roho zetu. Aule akamjibu kwamba roho yake hainunuliki, ina makaa mengi. Tukacheka. Sirad akachukua ngazi, akapanda kuziondoa, na glavu zake akaziacha kwenye mkoba, kwa sababu aliona anaondoa kulabu tu, hiyo si kazi ya stima. Mkono mmoja akashika fremu. Mwingine akashika kulabu yangu. Ilikuwa yangu, ndiyo.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linanirudia mpaka leo. Mtu akishikwa na hii stima halii, mwili unamfunga. Nilidhani anafikiri. Nilimwambia mtoto shuka, wali unapoa, na nikaona meno yake yamebanana na macho yake yamenikazia. Nilikimbia kwenye swichi nikaizima. Taa ya friza ikafa. Nikarudi mbio nikipiga kelele kwamba nimeizima, nimeizima, na yeye bado ameshikwa, mguu unatetemeka juu ya ngazi. Nikaruka nimvute mguu. Aule akanisukuma kifuani kwa sepetu yake ya makaa, nikaanguka chali, akanitukana kwa Kiturkana neno ambalo mpaka leo amekataa kuniambia maana yake, kisha akapaza sauti soko zima likasikia kwamba tufunike, tufunike!

Fahmo, nilivua jilbabu. Katikati ya soko, wanaume wa miraa wameketi pale mbele wanatazama, nilivua nikalitupa juu ya turubai. Halikutosha. Kinanu akatupa magunia ya ndizi. Mama mmoja akatupa blanketi alilombebea mtoto. Waliokuwa na shuka walitupa shuka, waliokuwa na leso walitupa leso, na Aule akapanda juu ya meza yangu akavuta lile turubai lake kuukuu la kufunikia makaa, zito, jeusi, akalimwaga juu ya yote. Giza likatambaa juu ya kitambaa kipande kwa kipande. Mkono wa kulia wa Sirad ukafunguka kwanza. Kisha wa kushoto. Akaanguka juu ya magunia ya makaa, na kabla sijamfikia nilimsikia akivuta pumzi, sauti kama ya mtu anayetoka kisimani.

Mmoja wa wale wa miraa akasema kwa sauti eti leo akina mama wa maziwa wamefungua vichwa bila tiketi. Nilimjibu kwamba mama yake angemwacha aungue kisha amsomee Kurani ya matanga, ndiyo maana hajui. Mzee aliyeketi kando yake akavua koti akanirushia nijifunike, huku uso ameugeuzia ukutani. Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Wakikuambia huko Kulamawe kwamba dada yako alicheza kichwa wazi sokoni, waambie alicheza, na mtoto yuko hai.

Hospitali walimpima wakasema moyo unapiga sawasawa. Kiganja cha kulia kimeungua mstari mmoja, mnene kama kamba ya mtungi. Alirudi nyumbani akala wali ule ule uliopoa. Mimi ndiye sikula.

Tangu siku hiyo niko hivi: nikisikia mtungi umegonga chuma, nashtuka. Sirad akinyoosha mkono mezani, naangalia kwanza anachukua nini, kama ni chumvi namwacha. Akikaa kimya kwenye chumba kingine namwita, anaitika, namwambia sikuwa na jambo. Juzi alikuwa anasali, nimemwita akiwa kwenye sijda, Mungu anisamehe.

Na kazi ya M'Ikiara ndiyo kubwa kuliko zote. Ghorofa nzima, madirisha yote ya upande wa magharibi, kila dirisha na pazia lake na turubai lake. Mafundi wanaume waliiomba wakanyimwa, akapewa binti wa Saadia. Nimelitangaza jambo hili soko zima, na sikudanganya hata kidogo. Nilidhani baada ya yale yaliyotokea mzee atamwacha. Badala yake alikuja na ndizi na sukari kumpa pole, akasema fundi aliyeumwa na stima ni kama mchungaji aliyeumwa na nyoka, halali ovyo tena. Sirad akacheka. Mimi nilimwandalia mzee chai na kuitia chumvi.

Nilimwomba Sirad afanye kazi hiyo usiku, jua likiwa limezama na stima imelala. Akaniuliza kama nataka afe kwa stima au afe kwa kuanguka ghorofani gizani, nichague. Alinieleza kwamba atafunga kila kitu kikiwa kimefunikwa, ila mwishoni lazima afunue, jua lipige, apime kila dirisha kama linavuta. Ni hapo kwenye kufunua ndipo roho yangu inapokatika. Anasema ana glavu nene, ana kipimo cha stima, amesoma. Najua amesoma, mimi ndiye nimemsomesha! Lakini hata siku ile alikuwa amesoma.

Kwa hiyo mkataze, abaayo. Mwambie ni habaryar wake aliyesema.

(Jumatano, baada ya adhuhuri.)

Nimeacha kalamu kwa sababu Sirad aliingia. Sasa ametoka. 

Kuna jambo nimelizunguka tangu asubuhi kama ngamia aliyeogopa kisima. Jana, Sirad akiwa anaoga, nilifungua mkoba wake wa kazi. Nilichukua zile glavu nyekundu za mpira nene zinazofika mpaka kwenye kiwiko, na kipimo chake cha stima. Nikavifunga kwenye nailoni, nikaifunga nailoni hiyo kwenye nyingine, nikavitia ndani ya lile kopo kubwa la aluminiamu ninalokurudishia tupu. Salad alilipakia pamoja na mitungi mingine, hajui chochote. Viko kwako. Ukifungua kopo la maziwa ukakuta uchafu wa fundi utakuwa umenitukana, na haki unayo. Mama yetu angenichapa.

Nilisema moyoni, fundi akikosa glavu atakaa nyumbani. Atanung'unika, atakasirika, lakini atakuwa hai mbele yangu akikasirika.

Leo amepindua nyumba nzima. Aliangalia chini ya vitanda, akaangalia ndani ya friza, akaenda kwa Aule kuuliza kama watoto wamechezea. Hakunishuku mimi hata dakika moja. Huyo ndiye mtoto niliyemlea, hajui kwamba mama yake anaweza kuiba. Nikamwambia basi mwanangu ni dalili, ahirisha. Akasema haahirishi. M'Ikiara ameshawaambia wapangaji wafungue vyumba Jumamosi, na wale mafundi walionyimwa kazi wanazunguka mjini wakisema msichana ameunguzwa na stima sasa anaogopa hata tochi. Akasema atapanda bila glavu.

Nikamuuliza atajuaje waya uko macho au umelala. Akanijibu kwamba mafundi wa zamani walijua kwa kugusa na mgongo wa kidole, mkono ukishtuka unarudi wenyewe. Akanionyesha. Hooyo, mama, hivi. Akagusa ukingo wa meza kwa mgongo wa kidole, polepole, kwa ule mkono wenye kovu. Na mimi nilikuwa nimeikalia barua hii, Fahmo, karatasi iko chini yangu, na siwezi kusimama.

Alipotoka nilizunguka maduka yote ya vifaa mjini. Wana glavu za kitambaa za kubebea mawe. Muuzaji mmoja aliniletea za kuoshea vyombo, zenye maua. Zile zake walimpa chuoni, zilitoka Nairobi, na hakuna lori litakalozileta nyingine kabla ya Jumamosi isipokuwa lile linalotoka kwako.

Kwa hivyo nililokuomba asubuhi, liache. Usimkataze. Akikatazwa atapanda vile vile, ila atapanda akiwa na hasira, na sasa nimeshamwachia mikono mitupu. Ninaogopa zaidi kuliko jana, na hofu ya leo nimeitengeneza mwenyewe.

Fanya hivi. Fungua kopo, toa glavu na kipimo, na Salad akirudi alfajiri na maziwa mpe mkononi. Usizioshe kwa maji moto. Usizifukize, tafadhali, naijua mikono yako haiwezi kuona kitu kitupu bila kukitia moshi. Sirad huzipuliza kama puto kisha anaziweka sikioni asikie kama zinavuja. Zipulize wewe kwanza, zote mbili, usikilize kila kidole. Zikivuja niambie kwa Salad, nitalala kwenye ngazi asipite. Na utume zile herio kuukuu, mikeka ya kuezekea, na mablanketi mazito uliyo nayo. Nitakurudishia.

Jumamosi mimi, Aule na Kinanu tunafunga vibanda. Tutakuwa juu ya paa la M'Ikiara, juu kabisa ya mahali anapofanya kazi, na kila dirisha atakalofunua tutakuwa tumeshika kifuniko kwa pembe zake, tukiachia kinashuka chenyewe. Mzee amekubali, amesema hajawahi kuona mafundi wenye walinzi wa aina hii. Na kabla Sirad hajatoka leo nilimpa sharti moja, nikamshika mkono nikamwambia sitamwachia mpaka aape. Nilimwambia akiwa kule juu aongee. Asinyamaze hata kidogo, tangu dirisha la kwanza mpaka la mwisho, kwa sababu mtu anayeongea hajashikwa. Nikisikia kimya, naangusha blanketi, hata kama alikuwa anameza mate tu. Akacheka akaapa. Akaniuliza ataongea nini siku nzima peke yake kama mwendawazimu. Nikamwambia atusomee, atuimbie, atusengenyee majirani.

Glavu zikija nitamwambia zimeokotwa kwenye lori la Salad. Huo si uongo mzima. Ukweli wenyewe sijampa, naogopa uso wake. Lakini nimeshapanga, abaayo. Jumamosi, nikisikia kule chini sauti yake inapungua, maneno yanamwishia na madirisha bado yapo, nitainama ukingoni nimwambie ni nani aliyemwibia. Huyo mtoto ninavyomjua, atanigombeza bila kuvuta pumzi mpaka dirisha la mwisho, na mimi juu yake nitakuwa nasikiliza kila neno.

Niombee. Msalimie shemeji, na mjukuu mpya mshike masikio kwa niaba yangu. Ngamia nao wape salamu, wao ndio wanatulisha. Lori limeshawashwa, Salad anapiga honi kama aliyefiwa, wacha nifunge.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukuogopa,

Saadia,
mama yake Sirad fundi.